Supamaketi za Nairobi, mbona mnatuuzia mfuko kwa bei ya kitunguu saumu?

Kikapu_cha_Mkonge:

Wakuu, salamu zitafuata, leo ni hasira kwanza.

Mteja anaingia na mfuko wake wa kitambaa, anajaza vitunguu, anafika kwenye mizani ya kona ya mboga. Mfuko unapimwa pamoja na vitunguu. Akiuliza, jibu ni moja: "Basi chukua kaki," yaani mfuko wa karatasi ya kahawia. Akichukua kaki, inapasuka kabla hajafika stejini. Jameni, hii ndiyo mazingira tunayoambiwa tutunze?

Tumalize ya sheria upesi. Marufuku ya juala, yaani mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya 28 Agosti 2017 haikugusa tu juala yenye vishikio ya kwa keshia. Tangazo lilitaja aina mbili: yenye vishikio, na ile bapa isiyo navyo. Hiyo bapa ndiyo ya rola, ile ya kuchanwa na kutiwa nyanya. Kwa hivyo rola likirudi kimyakimya nyuma ya karoti, msidanganywe eti ya chakula imeruhusiwa. Faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Kilichoachiwa nafasi ni kifungashio cha kiwandani, bidhaa inapofungwa kule inakotengenezwa, na kona ya mboga si kiwanda.

Sasa tutazame tulichopewa badala yake.

Kaki yenyewe haina kosa, imepewa kazi isiyo yake. Kwa viazi, vitunguu, tangawizi, uyoga na maharagwe makavu inaishinda juala: inapumua, na inakinga viazi na mwanga unaovigeuza kijani. Lakini sukuma, spinachi, managu na dhania hunyunyiziwa maji rafuni mchana kutwa. Karatasi ya kawaida ikilowa chepechepe haibaki hata na sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Gundi ya kitako nayo mara nyingi ni ya wanga, ndiyo maana kitako hufunguka kwanza na mboga zikakuangukia miguuni. Isitoshe, kaki hunyonya maji ya majani yenyewe, na dhania ya asubuhi jioni imelala. Majani hayahitaji kaki hata kidogo. Fungu likishakung'utwa maji na kufungwa kwa kamba ya mkonge au ya mgomba, stika inabandikwa juu ya kamba na kazi imeisha. Mama mboga amekuwa akifanya hivyo tangu zamani, na kwa kuwa anauza kwa fungu, uzito wa mfuko haujawahi kumhusu mtu.

Halafu ile mifuko wanayoiita ya kitambaa. Si kitambaa! Ni plastiki ya polipropilini iliyonyunyizwa nyuzi nyuzi na kugandishwa kwa joto. Itazameni kwa karibu: ina vidoti vidogo vilivyopangana, ndipo ilipochomwa ikashikana. Vuta ukingo wake. Kitambaa cha kweli kitatoa uzi mrefu, hii itatoa manyoya. Kipande kidogo kikiguswa na kiberiti kinayeyuka na kujikunja, pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilishatangaza kuipiga marufuku kuanzia 31 Machi 2019 kwa sababu nyingi zilikuwa nyembamba mno kutumika tena. Na leo bado mtu anaiuza akijiita rafiki wa mazingira.

Ya kijani iliyoandikwa "inaoza" muiulize swali moja tu: inaozea wapi? Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 hupimwa kwenye mboji ya mtambo wenye joto la nyuzi 58 hivi. Jaa la taka la Dandora si mtambo wa mboji. Na zile zinazomomonyoka kuwa vipande vidogo kwa dawa iliyochanganywa ndani, Ulaya yenyewe ilizifungia soko mwaka 2021.

Trei ya povu yenye hoho tatu na nailoni ya kuvuta juu yake, hata sitaki kuianza.

Hoja yangu ni mizani. Mfuko wa marekani, kile kitambaa cha pamba, wa saizi ya kawaida una gramu 45 hivi. Kitunguu saumu kikiwa shilingi 400 kwa kilo, mteja analipa shilingi 18 kwa kitambaa chake mwenyewe. Akija na mifuko minne ya bidhaa za bei tofauti, hesabu mwenyewe kila wiki. Juala ya rola ilikuwa na gramu 2 au 3, na mizani nyingi za kilo 15 husoma kwa hatua za gramu 5, kwa hivyo ilipotea humo humo. Naona ndiyo sababu hakuna aliyejishughulisha kuwafundisha wapimaji kile kitufe cha T, cha kuondoa uzito wa mfuko. Enzi hiyo imepita. Kitufe kipo pale, kina vumbi.

CherehaniGikomba:

Mkuu umesema kweli, ila wengi humu wanashonewa mifuko vibaya kisha wanalaumu pamba. Vipimo ni hivi.

Nunua marekani isiyopaushwa, mita moja, upana wa sentimita 150. Iloweke kwenye maji moto na uianike KABLA ya kukata, itapungua kama asilimia 5. Wanaoruka hatua hii ndio mfuko wao hujikunja mshono baada ya kufuliwa mara moja. Kata vipande vinne vya 33 kwa 88. Kinachobaki pembeni ni cha kamba. Kunja kipande katikati, mkunjo ndio unakuwa kitako, hivyo hakuna mshono wa kuachia chini. Shona pande mbili, kwanza upande wa nje, kisha geuza ushone tena ili nyuzi zifichike ndani, ukitumia sentimita 1.5 kwa jumla kila upande. Juu kunja 1, kisha 3, upitishe kamba. Unapata mfuko wa 30 kwa 40.

Ukitaka unaoonyesha kilicho ndani, tumia shiya, kile kitambaa chepesi cha pazia kinachopitisha mwanga, ya mitumba. Mfuko huo unakuwa na gramu 15 hadi 20, lakini jua ni poliesta, inamwaga nyuzi ukiifua, kwa hivyo isuuze kwa mkono, usiisugue. Zile zenye matundu makubwa ziacheni, minji na pilipili zinapita.

Pima mfuko ukiwa mkavu, uandike uzito kwenye pindo kwa uzi wa rangi. Kalamu hufutika.

Kaunta_ya_Nne:

Nitetee wapimaji kidogo, kisha niwaseme.

Mpangilio ni huu: mfuko mtupu juu ya mizani, bonyeza T, isome 0.000, jaza, rudisha, ingiza namba ya bidhaa, chapisha stika. Ukiondoa kila kitu itasoma -0.045. Hapo mpimaji abonyeze T tena, la sivyo mteja anayefuata anapunguziwa gramu 45 bure na duka linapata hasara. Hofu ya wakubwa iko hapo, na ni hofu ya kweli saa kumi na moja jioni foleni ikiwa hadi kwa mikate.

Kosa la wateja: mnaleta mifuko iliyolowa. Pamba ya gramu 45 inaweza kubeba maji ya uzito wake na zaidi, kwa hivyo kile kilichoandikwa kwenye pindo hakiaminiki. Lingine, stika haishiki kwenye shiya, na ikishika kwenye marekani inaacha gundi. Fungeni kipande kigumu cha plastiki kwenye kamba, hata cha chupa kuukuu, stika ibandikwe hapo. Namba ya stika za mizani huanza na 2 na bei au uzito umo ndani yake, keshia hahitaji kuiona ikiwa juu ya vitunguu vyenyewe. Ila mfuko usiwe umefungwa fundo, kwa sababu askari wa mlangoni atataka kutazama ndani.

Kikapu_cha_Mkonge:

La mfuko uliolowa nakubali, mkuu. La foleni sikubali. Mizani hizo huruhusu uzito wa kifungashio kuwekwa mara moja ndani ya namba ya bidhaa, mpimaji asibonyeze chochote. Sasa angalieni: kaki yao wenyewe ina gramu 10 na kitu, haijalowa, saizi zake wanazijua, wao ndio wanaoziagiza. Nayo bado inapimwa pamoja na viazi. Hapo foleni imeingiaje?