IST ya yadini Tanga: muuzaji anasema sevisi imeshafanyika, nikague nini kabla sijalipa?

Mwalimu wa Muheza:
Habari zenu wakuu. Nimepata mkopo wa SACCOS, nataka Toyota IST ya cc 1300, ya mwaka 2005, kwenye yadi moja mjini Tanga. Bei milioni 14, kasema haipungui. Dashibodi inasoma kilomita 79,000. Laki mbili ya kushikia nimeshatoa.

Nilipouliza habari za sevisi akanijibu, "Oili mpya, taiming belti tumebadilisha, dada, wewe ni kutia mafuta tu." Karatasi hana.

Mama mkwe anakaa Amani, ana sukari, kila mwezi namleta kliniki Tanga kwa bodaboda na basi. Ule mlima mnaujua. Sitaki gari lichemshe njiani na mgonjwa ndani. Nianzie wapi?

Fundi Ngamiani:
Mwalimu, shikamoo. Injini ya hiyo IST inatumia cheni ya taiming, haina taiming belti. Sasa huyo belti kabadilisha ya gari gani?

Nenda asubuhi, umwambie asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta mwenyewe. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iwe nyekundu au ya kijani. Ukikuta maji rangi ya chai ya rangi, walijaza ya bomba na kutu imeshaingia. Hilo ndilo litakalokuchemshia mlima wa Amani. Kisha liwashwe usikilize, cheni iliyolegea inachakacha mwanzoni. Chomoa na geji ya haidroliki, yaani oili ya giaboksi, unuse. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. Tairi zina tarakimu 4 pembeni: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Mama Raskazone:
Mdogo wangu, nenda na fundi wako, usikubali wa yadini. Mimi niliangalia rangi na viti. Mwezi wa tatu giaboksi ikaanza kuteleza, niliporudi wakaniambia gari likishatoka getini ni langu. Niliuza cherehani zangu mbili kuitengeneza.

Mwalimu wa Muheza:
Marahaba fundi, na ahsante dada. Nimetoka huko sasa hivi. Kulanti nyekundu, safi. Haidroliki haina harufu. Moyo ukatulia kidogo. Ila nilipofungua mlango wa dereva, kwenye nguzo pana stika ndogo ya Kijapani, imefifia, kona moja kama mtu alijaribu kuibandua kwa kucha akaacha. Maandishi siyajui, namba nimesoma: 5, halafu 3, halafu 131,400. Ni ya nini?

Fundi Ngamiani:
Hiyo ni stika ya oili, gereji za Japani huibandika hapo. 5 ni mwaka wa kalenda yao, wa tano wa Reiwa, ndiyo 2023. 3 ni Machi. 131,400 ni kilomita. Hata tuseme ni za sevisi iliyokuwa inafuata, toa elfu tano, bado huifikii 79,000. Kilomita zimerudishwa, mwalimu. Mwombe cheti cha eksipoti cha Japani, kilomita zinaandikwa humo.

Mwalimu wa Muheza:
Nimempigia. Cheti anasema kiko Dar, atakitafuta. Kabla sijakata simu akaniambia nimpe milioni 12 na nusu tuyamalize, na mimi bei sikuigusa kabisa.

Kesho naifuata laki mbili yangu. Fundi, ukisikia IST yenye cheti chake, nishtue.