Naomba ushauri: kizuizi cha shoti cha supakondakta kinachelewesha rilei

Wakuu, naombeni msaada, hasa mnaoshughulika na rilei (kifaa kinachohisi hitilafu na kuiamuru breka ikate umeme). Nina modeli ya kituo cha kupozea umeme cha kV 33/11. Nimeweka kizuizi cha shoti cha supakondakta (kikiwa baridi sana hupitisha umeme bila ukinzani, shoti ikitokea kinapata ukinzani na kupunguza mkondo), kama kile kilichofungwa Essen, Ujerumani, mwaka 2014 pamoja na kebo ya kV 10.

Mkondo wa shoti umeshuka kutoka kA 12 hadi kA 4, breka zimepumua, nimefurahi kweli. Shida ni rilei ya fida, yaani laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja. Nimeiseti ianze kuhesabu mkondo ukipita A 400, kizidishi cha muda (namba inayorefusha au kufupisha muda wa kukata) 0.2. Bila kizuizi ilikata kwa sekunde 0.40, sasa inachukua 0.59. Na ile hatua ya kukata papo hapo niliyoiweka kA 6 haiamki kabisa!

Niishushe hadi kA 3? Naogopa itakata ovyo transfoma za mtaani zikiwashwa kwa pamoja, maana huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi.

Halafu breka yangu ikishakata inajirudisha (inajiwasha tena yenyewe) baada ya nusu sekunde, wakati supakondakta ikishapata joto inahitaji muda zaidi ya huo kupoa tena ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Niisubirishe breka, au nizime kabisa kujirudisha? Aliyewahi kuseti kitu kama hiki anielekeze, wiki nzima nimekwama hapa.