Mrejesho: chaneli zilizopotea Raskazone zimerudi

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini king'amuzi changu cha antena, hapa Raskazone, Tanga, kimebaki na chaneli tatu tu. Aliyesema nipande nikague waya alilenga. Nilipofungua kichwa cha waya kwenye antena, shaba ilikuwa ya kijani, inamomonyoka vidoleni. Chumvi ya bahari hiyo! Nikakata kama shubiri moja, nikachuna upya, nikafunga kichwa kipya na kukizungushia mpira. Kutafuta chaneli upya peke yake hakukusaidia, maana chaneli kadhaa husafiri kwenye masafa mamoja. Mawimbi yakidhoofika zinapotea zote kwa mkupuo. Sasa ubora umepanda kutoka asilimia 20 hadi 75. Jana mama kaangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku mpaka mwisho.