Viazi vya lumbesa au vya kilo: nichukue vipi?

MuuzaChipsi: Heshima kwenu wakuu. Wiki hii ninanunua magunia kumi ya viazi mviringo kwa ajili ya kibanda changu. Muuzaji mmoja anauza kwa lumbesa, mwingine anapima kwa mizani na kutoza kwa kilo. Lumbesa inaonekana nafuu. Ipi ina faida?

Jicho la Mizani: Ndugu, umeacha yote ya maana. Uko wapi? Bei hiyo ni ya shambani au ya sokoni? Na lumbesa hiyo ina kilo ngapi? Neno hilo halitaji uzito wowote: gunia likishajaa hadi mdomoni hushonewa neti au kipande cha gunia jingine juu yake, na kila mfungaji ana kimo chake.

Mkulima wa Uyole: Kwetu sisi tunaolima, lumbesa si gunia, bali ni kile kilemba cha juu, ambacho mnunuzi hukidai na hakilipii. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu mazao yafungashwe zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo anayekutangazia lumbesa anakutangazia kosa.

Mama wa Mabibo: Shikamoo mzee, lakini sokoni tunasema rumbesa, kwa r, na maana yake ni gunia zima pamoja na kilemba chake. Mimi niliwahi kununua sita kutoka kwa dalali mmoja, nikiamini kwamba nimepata mbili za bure. Tulisimamishwa njiani, tukalipa faini, kisha tukafungasha upya kando ya barabara huku jua likiwaka. Na hapo ndipo nilipoona kwamba viazi vikubwa vilikuwa vimepangwa juu tu, katikati kumejaa vidogo vya kiasi cha gololi, vingine vimeshaanza kuoza. Tangu siku hiyo sinunui gunia ambalo halijamwagwa mbele yangu.

Mkulima wa Uyole: Marahaba mwanangu. Hilo ni kosa la dalali wako, si la neno.

Mpwani: Kwa l au kwa r, mzigo ni uleule. Kenya nako wameweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na bado mabishano hayajaisha.

MuuzaChipsi: Niko Morogoro, na bei zote mbili ni za sokoni. Huyo wa lumbesa amekataa kupima. Anasema mizani inaleta mkosi.

Jicho la Mizani: Basi mwombe akupimie kwa debe.

Mama wa Mabibo: Debe gani, lililobonyezwa tako? Au na lenyewe litawekewa kilemba?

Mpwani: Wazee wetu walipima kwa pishi, yenye vibaba vinne, na hapo pia waliulizana kama ni ya kufutwa juu au ya kichuguu.

MuuzaChipsi: Wakuu, gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri.