Kumite: zenkutsu, neko-ashi au kusimama juu tu? Nisaidieni kuamua

Kahawia_Tanga: Wakuu, salaam. Mwezi ujao kuna mashindano ya karate na nimeandikishwa kumite, yaani kupigana na mpinzani. Sensei, mwalimu wangu, anataka nisimame zenkutsu-dachi ya chini (mguu wa mbele mbali na umepinda, wa nyuma umenyooka) kama kwenye kata, yale mazoezi ya miondoko bila mpinzani. Mwenzangu wa mazoezi anasema nikisimama hivyo nitaliwa mapema, afadhali neko-ashi-dachi (mkao wa paka), au nisimame juu nirukeruke. Muda wa kuzoea ni mfupi. Nichague ipi?

Mzee wa Kiba: Sheria za nani, kijana? WKF, shirikisho la karate la dunia? Kyokushin, mtindo wa kupigana kwa nguvu kamili? Mtindo wako hujautaja, kimo chako hujakitaja. Tukujibu nini sasa?

Binti_Goju: Neko-ashi, bila kufikiri. Uzito karibu wote uko mguu wa nyuma, wa mbele uko huru kutoa mae-geri, teke la mbele, muda wowote. Akija kwa pupa anakutana na teke la tumbo.

Chumvi: Akija. Na asipokuja? Kwenye neko-ashi unabaki kungoja tu. Dada, nyie wa mtindo wa Goju mngekuwa walinzi wa geti mngefaa sana.

Kahawia_Tanga: Samahanini, mtindo wangu ni Shotokan. Sheria sijui, nasikia ni za alama.

Mzee wa Kiba: Unaingia ulingoni hujui sheria! Muulize sensei leo leo. Kama ni WKF, ngumi ni alama 1, teke la kiwiliwili 2, teke la kichwa 3. Na aliyekuangusha akamalizia kwa pigo safi naye anapata 3. Sasa kwenye zenkutsu mguu wako wa mbele uko mbali na umeuegemea mzima mzima. Ngwala moja tu, kwisha habari.

Paja_Chuma: Ngwala ni nafuu. Mimi nilitoka Shotokan nikaenda kujaribu klabu moja ya Kyokushin. Kule ngumi ya uso hairuhusiwi, lakini paja ni halali. Nikakaa zenkutsu yangu nzuri, goti limepinda, kisigino cha nyuma kimeshika chini. Jamaa wala hakuniangalia usoni. Teke la kwanza la paja nikalimeza, nikajifanya mwanaume. La pili likatua palepale, maana ukiwa umekaa chini namna ile huwezi kunyanyua mguu wa mbele ukinge mpaka uzito urudi nyuma kwanza, na ukiurudisha teke limeshafika. La tatu nililiona likija kabisa na sikuweza kufanya kitu. Jioni konda ndiye aliyenishika mkono kupanda daladala, abiria wakidhani nimelewa. Paja lilivilia damu mpaka karibu na goti.

Binti_Goju: Pole sana kaka. Ila wewe ulikaa humo kama umepanga chumba. Tazama picha yoyote ya gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, ya mashindano: goti la mbele limepinda, mguu wa nyuma umenyooka unasukuma. Zenkutsu hiyo hiyo, wanaipitia tu wakati wa pigo.

Chumvi: Na Lyoto Machida, yule mpiganaji wa UFC (mapigano ya mitindo mchanganyiko), je? Shotokan mtupu, hakuwa mtu wa kurukaruka, na 2009 akamnyang'anya Rashad Evans mkanda wa UFC.

Mzee wa Kiba: Machida alisimama juu kuliko zenkutsu ya kata, usimtie humu. Funakoshi mwenyewe, mwanzilishi wa Shotokan, katika kanuni zake 20 aliandika kwamba mikao rasmi ni ya anayeanza, baadaye mtu asimame kawaida.

Paja_Chuma: Basi kwa nini kwenye mitihani ya mikanda mnatukalisha chini hadi magoti yanalia?

Mzee wa Kiba: Ili miguu ipate nguvu. Vijana wa siku hizi mnataka mkanda mweusi mkiwa mmesimama wima kama mnasubiri basi.

Kahawia_Tanga: Wakuu, tunatoka nje ya mada. Nimemuuliza sensei: ni WKF, uwanja wa mita 8 kwa 8. Bado anasisitiza zenkutsu.

Chumvi: Ifupishe, nyanyua kisigino cha nyuma kidogo. Kwa mbali ataona umetii.

Binti_Goju: Sensei wa Shotokan asione kisigino? Thubutu!

Paja_Chuma: Mnafanyia mazoezi kwenye tatami (mikeka) au saruji? Kama ni saruji, kurukaruka sahau, utaua vifundo.

Kahawia_Tanga: Saruji. Na kimo changu ni kifupi, kama kuna aliyeuliza.

Mzee wa Kiba: Niliuliza mimi, tangu mwanzo! Mfupi ndiye anayetakiwa kuingia ndani haraka, kwa hiyo…

Chumvi: Mzee, mfupi tena umkalishe chini? Si atapotea kabisa.

Mpita_Njia: Samahani kuingilia. Kuna anayeuza gi (vazi la karate) nzito iliyotumika, ya mtu mrefu? Niko Mombasa.