Mrejesho: Nilivyomsemea babu siku ya kumuaga

Wiki mbili zilizopita niliwauliza: nitamzungumziaje marehemu babu kwa dakika tano kwenye mazishi yake, mtu aliyefanya kazi mpaka viganja vikawa vigumu kama ubao, bila kuishia kusoma orodha ya tarehe? Wengi mlinijibu niache kutafuta sifa, nitafute visa. Ahsanteni sana.

Niliwapigia wajukuu wote na swali moja tu: "Unamkumbuka akifanya nini?" Hakuna aliyesema "alikuwa mchapakazi". Mmoja alisema babu akirudi kazini jioni, hata awe amechoka vipi, haketi mpaka ahesabu viatu mlangoni ajue kama watoto wote wamesharudi. Shangazi akadakia kwamba hata walipokuwa watu wazima, wakija kumtembelea, alivihesabu vilevile. Kisa hicho nikakiweka mwanzo. Nyundo yake, ambayo aliibadilisha mpini mara tatu akakataa katakata kununua nyingine, nikaiweka mwisho. Tarehe zikapata mistari miwili, zinatosha.

Hasira zake nilitaka kuziruka. Bibi akanikatalia: "Usimfanye malaika, hatutamtambua." Basi nikazigusa kidogo, watu wakacheka, na bibi mwenyewe akawapita wote kwa kucheka.

Katikati sauti ilinikatika kama nilivyohofia. Bahati nzuri nilikuwa nimempa binamu nakala ya pili ya hotuba (huo nao ushauri wenu), akaendelea palepale nilipoishia.

Karatasi sasa anayo bibi. Juzi nimemkuta mlangoni, anahesabu viatu.