Baba anatoka damu baada ya operesheni ya saratani ya njia ya haja kubwa, naomba ushauri

Bint Wete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka jana baba yetu alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, kisha akapasuliwa huko huko Dar. Wiki hii akienda chooni anatoka damu nyekundu, na jana ilikuwa na mabonge. Jirani anasema ni bawasiri tu, katuletea dawa ya mizizi tumpige bomba njia ya haja kubwa. Siku yake ya kliniki bado. Tusubiri, au tumpandishe boti kutoka huku Pemba kwenda Dar? Nna khofu.

Nesi Mkoani: Waalaykum salaam dada. Hilo bomba msithubutu! Pale utumbo ulipoungwa, tena pameshapigwa mionzi, ni pepesi, unaweza kupatoboa. Mzee akisimama anapata kizunguzungu? Anatumia dawa gani?

Bint Wete: Kizunguzungu anacho. Anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, na vidonge vya kuongeza damu.

Nesi Mkoani: Basi mpelekeni spitali ya hapo Wete sasa hivi. Boti baadae. Akizidiwa katikati ya bahari nani atamtilia damu? Kwanza apimwe wingi wa damu na grupu, aongezewe ikihitajika, akitulia ndio mzungumze safari. Vijana wafuatane naye, huenda wakatakiwa kutoa damu. Diklofenaki aache, inachochea kutoka damu. Magoti yatatulizwa kwa parasetamoli. Kama ana dawa ya kuzuia damu isigande, hiyo msimwachishe wenyewe, mwambieni daktari. Na vile vidonge vya kuongeza damu vitajeni pia, maana hufanya choo kiwe cheusi.

Abu Chake: Pole dada. Yalimfika mama yangu, miezi mingi baada ya mionzi. Tulilia tukidhani maradhi yamerudi. Alipotiwa kamera ya kuangalia utumbo, wakakuta vimishipa vimeota pahala palipopigwa mionzi, vinavuja. Vikaunguzwa kwa gesi ya agoni kupitia kamera hiyo hiyo. Lakini ugonjwa wa baba yako usiukisie kwa wa mama yangu: yawezekana ni kwenye muungo, yawezekana ni saratani yenyewe, lazima aangaliwe. Chukueni karatasi zote za Dar, hasa ya operesheni na ya mionzi.

Bint Wete: Tumeshafika. Damu imeshuka, wanamtilia chupa ya kwanza na kaka zangu wanatoa. Daktari anazungumza na wenziwe wa Dar kuhusu kamera. Ahsanteni sana, tuombeeni dua.